ALIIMBA KIFO, AKAKUTANA NA UZIMA

Kijana, usiikunje kwanza karatasi hii. Umepewa njiani, labda ukishuka Kwa Sadala, labda ukiwa juu ya pikipiki unasubiri abiria. Labda umesimama mbali kidogo na uwanja unasikiliza spika tu, maana hutaki wenzako waseme na wewe umeokoka. Hakuna neno. Soma hapohapo ulipo. Habari hii haimhusu mchungaji wala mtoto aliyelelewa kwaya. Inamhusu mwanamuziki wa dansi, tena mkubwa, mtu ambaye baba yako alicheza nyimbo zake mpaka viatu vikaisha soli.

Jina lake Remmy Ongala. Wengi walimwita Dokta Remmy. Kama umezaliwa juzi na unajua Bongo Fleva tu, muulize mzee yeyote mwenye redio ya zamani atakuambia. Na kama umewahi kufika Dar es Salaam ukapanda daladala za Sinza, umesikia konda akiita abiria wa Kwa Remmy. Kituo hicho kilipata jina kwa mtu huyu, maana ndiko alikokuwa akiishi. Ni watu wachache sana katika nchi hii ambao kituo cha basi kimebaki kikiitwa kwa jina lao miaka mingi baada ya kuzikwa!

Basi tusimulie tangu mwanzo.

MTOTO WA NYWELE

Remmy alizaliwa mwaka 1947 karibu na Kindu, mashariki ya Kongo, wakati huo ikiwa bado chini ya Wabelgiji. Jina alilopewa ni Ramadhani Mtoro Ongala. Huko Kindu watu husema Kiswahili, Kiswahili cha Kikongo chenye ladha yake, na ndiyo maana alipofika Tanzania baadaye hakuhitaji mkalimani.

Mama yake alikuwa amefiwa na watoto wawili kabla yake. Wewe fikiria mama huyo. Mimba ya tatu inaingia na moyo haujapona hata kidogo. Remmy mwenyewe alisimulia kwamba mama alikwenda kwa mganga, na mganga akampa masharti: asijifungulie hospitali, ajifungulie porini, na mtoto akizaliwa asinyolewe nywele. Mama akatii. Mtoto akazaliwa, tena akatanguliza miguu, na mdomoni ana meno mawili ya mbele tayari! Watu wakasema huyu atakuwa mganga. Lile jina la Dokta lina mizizi huko, si chuo kikuu.

Usicheke. Hapa mlimani tunajifanya watu wa kanisa tangu Wajerumani wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, lakini ni nani asiyejua nyumba ambayo mtoto akiumwa baba anakwenda hospitali mchana na kwingine usiku? Mama Remmy hakuwa mjinga. Alikuwa mtu anayeogopa kifo. Alikuwa tayari kumpa mtu yeyote chochote ili mtoto wake aishi. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu mtoto huyo aliyezaliwa ndani ya hofu ya kifo ndiye aliyekuja kuimba habari za kifo kuliko mwimbaji mwingine yeyote wa dansi.

Baba yake alikuwa mtu wa ngoma. Aliimba, alicheza, alipiga ala za asili. Kwa hiyo muziki Remmy hakuusomea popote, aliukuta nyumbani. Lakini baba akafa mtoto akiwa mdogo. Baadaye mama naye akafuata, na Remmy akazinyoa zile nywele. Ada ya shule hakuna, mlezi hakuna, wadogo zake wanamtazama yeye. Kijana yatima wa Kongo ya miaka ile ya vurugu afanye nini? Akajifundisha gitaa. Akapiga tumba, akaimba, akaingia bendi moja na kutoka nyingine, Kongo na Uganda. Mojawapo iliitwa Grand Mickey Jazz. Enzi zile karibu kila bendi ya Afrika Mashariki ilijiita jazz, hata kama muziki wenyewe ulikuwa rumba mtupu: Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Vijana Jazz. Basi na yeye akawa mwimbaji wa jazz kwa maana hiyo yetu.

Nywele zile alizifuga tena baadaye, baada ya Bob Marley kuvuma duniani. Akawa na rasta nzito, na sura yake mtu akiiona mara moja haisahau.

DAR ES SALAAM

Mwaka 1978 Remmy alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Muziki wa dansi Tanzania ulikuwa moto kweli kweli. Miezi michache tu baadaye, Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyekuwa mfalme wa wote, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa akiwa na miaka 34. Nchi nzima ililia. Sauti iliyokuwa kila redio ikazimika barabarani.

Akiwa na Makassy, Remmy alitunga wimbo uliomtambulisha kwa watu. Unaitwa Siku ya Kufa. Kijana mgeni mjini, anataka jina, anataka akina dada wamjue, na wimbo wake wa kwanza kuvuma anaupa jina hilo! Wenzake wanaimba mapenzi, yeye anaimba jeneza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akahamia Matimila, bendi iliyobeba jina la mahali fulani kusini mwa Tanzania. Mwenye vyombo alikuwa mfanyabiashara, kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi: gitaa si lako, spika si zako, wewe una koo tu. Lakini koo la Remmy lilitosha. Bendi ikawa Super Matimila, na watu walipoitaja walimaanisha yeye.

Aliimba nini? Aliimba mnyonge. Mtu asiye na haki mbele ya mwenye pesa, mwenye njaa, mpangaji, mchovu anayelala na mawazo. Matajiri walicheza pia, lakini walijua wanasemwa. Watu wa Kilimanjaro mtapenda kujua kwamba hata Mheshimiwa Augustine Mrema wa Kiraracha, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alipata wimbo wenye jina lake, nao umo katika santuri ya Remmy ya mwaka 1992 iitwayo Mambo.

Ile haikuwa santuri ya kwanza kutoka Ulaya. Mwaka 1988 yeye na Super Matimila walikuwa wamekwenda huko na maonyesho ya WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, kwa kampuni ya Real World ya Mwingereza Peter Gabriel. Yatima wa Kindu asiye na shule! Wazungu wanalipa kiingilio kumsikiliza akiimba Kiswahili wasichokielewa. Vijana wengi wa hapa wanaobeba mizigo ya watalii kutoka geti la Machame wana ndoto hiyo hiyo, kwamba siku moja mzungu mmoja atamwambia njoo nikupeleke Ulaya. Remmy alipelekwa. Alifika. Akarudi Sinza na wimbo wake wa kifo bado uko mdomoni.

Maana alikuwa ametunga mwingine, huu unaitwa Kifo tu. Ndani yake anakilalamikia kifo kama mtu anavyomlalamikia jirani mbaya asiyebisha hodi. Kinamchukua baba, kinaacha watoto. Hakiangalii huyu ni nani wala ana nini. Anauliza, anauliza tena, wala hapewi jibu, na gitaa linaendelea. Ajabu ni kwamba watu waliucheza! Bia ziko mezani, mtu amemshika mwenzake kiuno, na spika inawaambia wote mtakufa. Wakiambiwa hivyo na mhubiri hukasirika. Wakiambiwa na Remmy waliomba arudie.

Lakini alisema kweli, na kweli hiyo unaijua. Sisi wa mlimani tunazika kwenye kihamba. Kaburi la babu liko hatua chache kutoka dirisha la jikoni, chini ya migomba. Unalipita ukienda kukata majani ya ng'ombe, unalipita ukirudi usiku umelewa mbege. Unajua kabisa kwamba kuna nafasi pembeni yake. Ni nani amewahi kukueleza nini kinafuata?

UGONJWA ULIPOINGIA NCHINI

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Kagera. Ukashuka mijini, ukapanda milimani. Karibu mwaka 1990 Remmy akatoa wimbo Mambo kwa Soksi, na soksi hapo unajua ni nini. Redio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu wa dini walichukizwa pia, na hata leo sisi hatuhubiri soksi, tunahubiri moyo mpya na ndoa safi. Hilo halijabadilika.

Hata hivyo nasema jambo moja kwa haki yake. Wakati ambapo wengi walinong'ona kwamba marehemu alirogwa, au alikuwa na kifua tu, mwimbaji huyu alipanda jukwaani akataja ugonjwa kwa sauti. Aliona vijana wanakufa na aliwahurumia. Hakuwa na dawa ya dhambi, alikuwa na huruma. Na huruma pekee, jamani, inaweza kumlilia maiti lakini haiwezi kumwinua.

Hapo ndipo maisha ya Dokta yalikuwa yamefika. Jina analo. Ulaya ameiona. Serikali inamjua, mnyonge anampenda. Anaitwa daktari na hana dawa ya kitu kile kimoja alichokiogopa tangu tumboni mwa mama yake.

ALIPOANGUKA

Kisha mwili ukakataa. Alikuwa na kisukari, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akapata kiharusi, sehemu ya mwili ikapooza. Mtu aliyewachezesha maelfu sasa hakutiiwa na mwili wake mwenyewe kama zamani. Ukiwa na miaka ishirini huwezi kuelewa vizuri maana yake. Unadhani mguu ni wako. Mguu si wako, kijana! Umeazimwa.

Katika miaka hiyo ya ugonjwa, Remmy Ongala alimpokea Yesu Kristo. Hakufanya siri. Aliacha muziki wa dansi, akaanza kuimba Injili. Na zile nywele, akanyoa.

Hapa nisimame kidogo, maana najua watu watabishana. Nywele si dhambi. Biblia ina Samsoni ambaye hakunyolewa na alikuwa mtumishi wa Mungu. Wapo vijana wenye rasta watakaouona ufalme, na wapo wenye vichwa vinavyong'aa watakaobaki nje. Lakini kumbuka ile habari ya mama na mganga. Maisha ya mtoto huyu yalifungwa kwenye nywele tangu siku ya kwanza: usizikate, asije akafa. Mtu aliyekua na neno hilo, akiwa mgonjwa, kifo kikiwa mlangoni kweli sasa, anachukua wembe na kuziondoa. Mimi naona kuna imani kubwa katika kitendo hicho kuliko mahubiri mengi. Ni kama kusema: uhai wangu hauko huku tena.

Wapo waliosema ameokoka kwa sababu anaumwa. Eti ameishiwa. Labda na wewe umelifikiri hilo ukisoma. Sawa, tuseme ni kweli aliishiwa. Ni nani anayekwenda hospitali akiwa mzima? Yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu naye alikuwa ameishiwa kabisa, misumari imemshika, hana hata siku moja ya kutengeneza maisha yake, na Bwana hakumfukuza (soma Luka 23). Mungu hadai kwamba uje ukiwa na bei.

Jambo lingine nitakuambia bila kukuficha, ingawa katika mikutano hii tunawaombea wagonjwa na tunaamini Yesu anaponya. Remmy hakuinuka akawa kijana tena. Aliokoka na akaendelea kuumwa. Miaka ikapita, anaimba Injili akiwa na mwili dhaifu. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 13 Desemba 2010, nyumbani kwake Sinza, alifariki dunia akiwa na miaka 63. Ilikuwa ile wiki ambayo enzi hizo mabasi ya Ubungo yalikuwa yakijaa Wachagga waliokuwa wakirudi nyumbani kula Krismasi. Wengine walisikia habari wakiwa njiani, redio ya basi ikipiga nyimbo zake za zamani, zikiwemo zile za kifo.

Sasa wewe utauliza: alipata faida gani basi, kama alikufa vilevile?

Ni swali zuri, na ndilo swali la wimbo wake. Soma mwenyewe Yohana sura ya 11. Lazaro alikufa, Yesu akamfufua, na baada ya miaka fulani Lazaro huyo huyo lazima alikufa tena, maana hatumwoni akitembea leo. Kumbe Yesu hakwenda pale kaburini kuongeza miaka michache tu. Alikwenda kuonyesha nani mwenye amri. Halafu yeye mwenyewe akafa, kweli kweli, akazikwa, na siku ya tatu kaburi likawa tupu. Yule jirani mbaya asiyebisha hodi aliingia nyumba moja akashindwa kutoka na mtu! Remmy alikiimba kifo kwa miaka ishirini na zaidi kama mtu anayekiogopa. Alipomaliza, alimwimba Yule aliyekishinda. Ugonjwa ule ule, kitanda kile kile, ila aliyelala pale sasa alijua anakwenda kwa nani.

WEWE JE?

Remmy alianzia mbali. Alizaliwa kwa masharti ya mganga porini Kongo, akapita Uganda, akapita majukwaa ya Ulaya, akafika kwa Yesu nywele zikiwa na mvi. Wewe umezaliwa wapi? Kengele ya kanisa unaisikia ukiwa kitandani. Ulibatizwa ukiwa mchanga, ukapata Kipaimara kwa suti ya kuazima, picha ipo sebuleni kwa mama. Tangu siku ile ya picha umeingia kanisani mara ngapi, ukiacha harusi na mazishi? Una jina la Kikristo kwenye kitambulisho na hujawahi kuzungumza na Kristo mwenyewe.

Sisemi uache kubeba mizigo, uache pikipiki, uache muziki. Nasema habari ya yule mwizi msalabani isikudanganye kwamba na wewe utapata dakika ya mwisho. Remmy alipewa miaka ya kuumwa, akapata muda wa kufikiri. Mbaraka alipata barabara ya Mombasa. Na wewe unaiendesha pikipiki hiyo kutoka Kwa Sadala kupanda juu usiku, bila kofia, umewabeba wawili.

Kama moyo wako unakuambia kitu, usingoje wimbo wa mwisho wa kwaya. Sema maneno haya, polepole, hata kama ni kimoyomoyo:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekuwa nikikimbia huku na huku, na naogopa kufa ingawa sijamwambia mtu. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Ingia katika maisha yangu leo, uwe Bwana wangu. Nitoe kwa waganga, kwenye pombe na katika kila kifungo nisichoweza kukifungua mwenyewe. Kama utaniponya, asante. Kama utaniacha na udhaifu wangu, kaa na mimi. Mimi ni wako. Amina.

Ukishasema, njoo mpaka kwenye jukwaa na karatasi hii mkononi. Kushoto kwa jukwaa wamesimama washauri, akina kaka na akina dada. Hawatakuuliza umevaa nini wala ulikuwa wapi jana. Watakuombea, watakupa Injili ya Yohana bila malipo, na watakuonyesha vijana wa jirani na kwenu wanaokutana kusoma Neno. Kama unaona haya ya watu, ngoja giza liingie ndiyo uje. Nikodemo naye alikwenda usiku, akapokelewa.